MJADALA: Ardhi ibaki ya umma chini ya Rais, au kila mtu awe na yake moja kwa moja?

Kibuyu Cheupe: Wakuu, hapa Tanzania Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Hati unapewa ya miaka 33, 66 au 99. John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza, alishaandika tangu 1689 kwamba shamba ulilofyeka kwa jasho lako ni lako, na serikali ipo kukulindia hilo. Sasa mimi namiliki au nimepanga?

Mzee wa Reli: Locke huyohuyo alikuwa na hisa Royal African Company, wauza watumwa. Leo ndiye wa kutufundisha haki?

Kibuyu Cheupe: Mkuu, sijasema tumposee binti. Jibu hoja. Na hiyo sheria unayoitetea mzizi wake ni Mwingereza, 1923, ardhi ikawa chini ya Gavana. Tumebadilisha mkaliaji kiti tu.

Mama Tausi: Mwalimu Nyerere alionya mapema, 1958 kama sikosei: ardhi ikiuzwa kama kanga, wenye hela watanunua yote, sisi tubaki wapangaji wao. Waangalieni majirani Kenya. Hati za milele wanazo, pa kuzikwa hawana.

Wa Namanga: Wacha hizo! Mimi shamba langu hakuna rais ananiuliza kitu. Nyinyi mlipakiwa kwa malori mwaka wa sabini na ngapi, mkamwagwa porini, halafu mnaita hiyo umma.

Mama Tausi: Usinitajie Operesheni Vijiji, wewe umeisoma, sisi imetupitia. Babu yangu alikuwa anarudi usiku kwenye shamba lake la zamani kuchimba mihogo aliyoipanda mwenyewe. Na hata siku moja hakumtukana Mwalimu.

Kibuyu Cheupe: Anajiibia mihogo yake mwenyewe! Mama, umenimalizia mjadala.

Mama Tausi: Babu yangu hakuwa mwizi. Chunga mdomo.

Mzee wa Reli: Kijana, omba radhi.

Nyundo: Nyie bishaneni na Locke. Shida ni fidia serikali ikichukua eneo lako. Kisheria ardhi tupu haina thamani, unalipwa nyumba na mimea basi.

Kibuyu Cheupe: Hiyo ya zamani. Tangu 1999 ardhi yenyewe ina thamani, na fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati.

Nyundo: Kwa wakati? Ukutani kwangu wamepiga X nyekundu ya kubomolewa mpaka rangi inababuka. Mthamini amekuja, akahesabu miembe, mipapai akairuka.

Wa Namanga: Kwani mipapai hailipwi huko kwenu?

Mzee wa Reli: Inalipwa. Labda yake ilikuwa midume.

Nyundo: Midume gani, na wakati anaandika alikuwa na kipande cha papai mkononi!

Mama Tausi: Bado nasubiri radhi.