Vito vya marehemu mama: viyeyushwe vyote au vibadilishwe kwa njia nyingine?

BintiMikindani

Assalaam alaykum. Mama yetu aliacha kijisanduku ambacho ndani yake mna bangili mbili za dhahabu zenye nakshi na alama ya 916, mkufu uliokatika usio na alama yoyote, herini moja yenye jiwe jekundu ambayo mwenzake ilipotea zamani, kipini cha pua alichovishwa alipotolewa uwari, na kidani cha fedha kilichotungwa sarafu saba zenye maandishi ya Kijerumani. Mirathi imekwisha kugawanywa, na sisi watoto wanne, wanawake watatu na kaka yetu mmoja, tumekubaliana kwamba vito visiuzwe. Hata hivyo hakuna anayevivaa, kwa kuwa mama alikuwa na mkono mdogo na bangili zake hazipiti kwenye kiganja cha yeyote kati yetu.

Nimewaza kuyeyusha dhahabu yote kwa pamoja ili zitoke pete tatu, na fedha iwe pete ya kaka. Sonara niliyemwendea ameniambia nimwachie mzigo, nirudi baada ya wiki moja, na tangu hapo moyo wangu haujatulia. Naomba ushauri wenu.

FundiMstaafu_Lindi

Wa alaykum salaam, binti yangu. Nimefanya kazi ya usonara hapa Lindi kwa miaka mingi, na jambo la kwanza ninalokuomba ni kwamba usichanganye vitu ambavyo hujavipima. Alama ya 916 maana yake ni karati 22, yaani katika sehemu 1,000 za bangili, sehemu 916 ni dhahabu halisi. Mkufu usio na alama unaweza kuwa wa karati 9 tu, ambayo ni sehemu 375. Ukiyeyusha gramu 20 za bangili pamoja na gramu 10 za mkufu wa namna hiyo, utapata gramu 30 za dhahabu iliyo chini kidogo ya karati 18, na hapo bangili za mama zitakuwa zimeshushwa hadhi kwa ajili ya mkufu. Mwambie fundi auchue mkufu kwenye jiwe la kupimia dhahabu na atie asidi kwenye alama itakayobaki, mbele ya macho yako, kabla moto haujawashwa.

Tena sioni sababu ya kuyeyusha. Bangili yenye mzingo wa sentimita 18 ikikatwa inatoa vipande vitatu vya sentimita tano na nusu kila kimoja, na kila kipande kikipindwa na kulehemiwa kinakuwa pete ya kidole cha kawaida huku nakshi ikibaki ile ile, pamoja na ulaini uliotokana na ngozi ya mama yenu kwa miaka yote aliyoivaa. Dhahabu iliyoyeyushwa haikumbuki kitu. Sharti ni bangili iwe imejaa, kwa sababu iliyo na uwazi ndani itabonyea ikipindwa. Ujue pia kwamba karati 22 ni laini, kwa hiyo pete hizo zisivaliwe wakati wa kutwanga au kuparura samaki.

Jiwe la herini litolewe kabla ya kazi yoyote ya moto. Kuhusu kuacha mzigo wiki nzima, kaa naye. Vipime kwenye mizani mbele yako, andika gramu za kila kitu, na baada ya kazi upime pete pamoja na vipande na vumbi la tupa. Fundi mwaminifu hatachukia.

MwalimuChikongola

Mimi nitasema juu ya sarafu tu. Bila shaka hizo ni rupia za wakati wa Mjerumani. Kama zina picha ya Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na zimeandikwa rupia moja, basi kila moja ina uzito wa gramu 11.66, na ni fedha ya sehemu 917 katika 1,000. Zilizotolewa na kampuni ya Kijerumani zilianza mwaka 1890, na zile za serikali ya koloni zilianza mwaka 1904. Mkiziyeyusha mtapata donge la fedha ambalo mngeweza kulinunua popote, ilhali sarafu zenyewe hazitengenezwi tena. Wala msizisugue kwa majivu au dawa ya meno ili zing'ae, maana maandishi yatafutika.

ShangaziMtwara

Mwanangu, pole kwa msiba. Nimefurahi kwamba kaka yenu hamkumpangia dhahabu, kwa kuwa dini yetu haimruhusu mwanamume kuivaa, lakini pete ya fedha inafaa. Mchukulieni fedha nyingine, au mumpe sarafu moja iliyotiwa fremu ya kuning'inizwa kwenye funguo.

Kipini msikiguse. Mimi nilimpa fundi kipini cha bibi yangu pamoja na pete mbili, nikarudishiwa kidani kizuri sana, na hadi leo sijui kipini kiko sehemu gani ya kidani hicho.

BintiMikindani

Nawashukuru nyote. Nimezungushia uzi bangili moja na kuupima kwa rula, nikapata sentimita kumi na nane na nusu. Jumamosi nitakwenda na dada yangu mkubwa kwa sonara mwingine ambaye amekubali tukae hadi amalize. Kaka amechagua sarafu, sita zilizobaki zitarudishwa kwenye uzi wake, na kipini kimerudi sandukuni. Kuhusu bangili ya pili hatujaelewana: dada anataka ibaki nzima kwa ajili ya mjukuu wa kwanza wa kike ambaye hajazaliwa bado, na mdogo wetu anasema ipanuliwe kwa kipande cha mkufu.

FundiMstaafu_Lindi

Mkitaka kuipanua, kipande cha kuongezea kiwe cha karati 22 vilevile, la sivyo rangi zitatofautiana na kiungo kitaonekana. Kwa hiyo mkufu upimwe kwanza.