Fundi akianguka mnaandika "uzembe". Mbona waliopanga kazi hivyo hamuwataji?

Wakuu,

Nina hasira na sitaificha. Kila mtu akianguka saiti, ripoti inaandikwa kabla hata damu haijaoshwa: "Marehemu hakufunga mkanda wa usalama." Kesi imekwisha. Hakuna anayeuliza mkanda huo angeufunga wapi, nani alipaswa kuweka pa kuufunga, na siku hiyo alikuwa wapi.

Mimi nasema ajali nyingi zinaanzia ofisini: nani anamwamuru nani, nani analipwa kwa lipi, nani anaripoti kwa nani.

Chukueni jukwaa la kupandia ukutani. Mkandarasi mkuu kashinda zabuni, kazi kaigawa: zege kwa huyu, umeme kwa yule, plasta kwa mwingine. Wa plasta naye kampa fundi mmoja kwa maelewano ya mdomo, na fundi huyo kaokota vibarua getini asubuhi. Kila anayepokea anakata chake. Bei ya saruji na nondo haikwepeki, kwa hiyo wanakokata ni kulekule: helmeti, buti, mikanda, mafunzo. Waliofunga jukwaa walishalipwa wakaondoka. Watu wa umeme wamekuta bomba la mshazari, lile linaloshikilia jukwaa lisiyumbe, limewakalia njiani, wakalifungua. Mchana, watu wa plasta wanapanda na ndoo zao, hawana habari. Bosi wa umeme na bosi wa plasta hawajawahi hata kukaa meza moja! Jukwaa likiporomoka, mnamwita mzembe saidia fundi aliyeanza kazi asubuhi hiyo?

Na msiniambie ni jambo jipya. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unasema wazi: waajiri wawili au zaidi wakifanya kazi kwa wakati mmoja kwenye saiti moja, mkandarasi mkuu ndiye mwenye jukumu la kuratibu hatua za usalama, na kila mwajiri anabaki na wajibu kwa watu walio chini yake. Umoja wa Ulaya mwaka 1992 ukaagiza saiti yenye mkandarasi zaidi ya mmoja iwe na mratibu wa usalama. Maandishi yapo miaka yote hiyo. Wenye kampuni wanajifanya hawayaoni.

Halafu huyu afisa usalama. Anaripoti kwa meneja mradi. Meneja mradi anapata bonasi akimaliza mapema, na mkataba una faini kwa kila siku ya kuchelewa. Kwa hiyo afisa akitaka kusimamisha kazi, anamwomba ruhusa mtu ambaye kila saa ya kusimama inamtoka mfukoni. Niliona kwa macho yangu afisa kijana akikataza watu wasishuke kwenye mtaro wenye kina kirefu usiokingwa kuta zake. Kesho yake kapelekwa stoo kuhesabu misumari, watu wakashuka. Udongo wa mita moja ya ujazo unaweza kuzidi tani moja na nusu. Ukikufunika kifua hupumui, na wenzako hawatakuwahi kwa koleo.

Haraka ya ratiba inaua hata pale penye wahandisi wa kutosha. Tarehe 27 Aprili 1978, Willow Island, West Virginia, Marekani, mnara wa kupozea maji wa kituo cha umeme ulikuwa unapandishwa tabaka baada ya tabaka, na jukwaa lilikuwa limeshikizwa kwenye zege la mnara wenyewe. Zege la jana yake halikuwa limepata nguvu. Likabanduka pamoja na jukwaa, wakafa watu 51. Ni fundi gani pale juu angejua nguvu ya zege lile? Wa kulipima na kusema "leo hatupandi" ni uongozi.

Kinachonichoma zaidi ni zile zawadi za "siku bila ajali". Timu nzima inakosa posho mmoja akiumia, basi aliyeteguka anafichwa, aliyechomwa na msumari anafunga kitambaa anaendelea. Ubao wa kuhesabu siku hizo getini unaonyesha namba nzuri, na hatari ileile inamsubiri mwingine.

Nataka afisa usalama atolewe chini ya meneja mradi, aripoti kwa mkurugenzi asiyelipwa kwa ratiba ya mradi huo, na akisema simama, kazi isimame bila barua. Fedha ya usalama iandikwe kando kwenye zabuni, isiguswe katika kushindania bei. Kazi isigawanywe mara ya tatu na ya nne. Na jukwaa liwe na kadi yenye jina la aliyelikagua leo, si la aliyelifunga mwezi jana.

Mlioko saiti, semeni hapa bila kutaja kampuni: kwenu afisa usalama anaripoti kwa nani, na lini mara ya mwisho alisimamisha kazi ikasimama kweli?