Jamaa wa kreni kaiita boti yangu KUNI, tena ikiwa bado inaning'inia!!!

Tezi na Omo: Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule jamaa wa kreni, simtaji, mnamjua wote, yule anayevaa miwani ya jua hata usiku, leo kaiita boti yangu KUNI.

Boti ya mbao, mahogani tupu, ya mwaka 1956, vanishi ukiitazama unajiona wewe na dhambi zako. Ubao unaopakana na mkuku, ule mti mkuu wa chini kabisa ya chombo, umeanza kuvuja, nikaona ipandishwe juu kabla haijawa nyambizi. Nikamwelekeza kwa adabu: kaka, mkanda wa nyuma usikae kwenye shafti ya propela, usogeze mbele penye kiunzi. Kimya. Kanyanyua. Mbao zikalia krrrrr, gati zima likanyamaza, hadi ndege. Maji yanachuruzika kila mshono, naye anachungulia chini, anatangaza: "Bosi, hii si boti, hizi ni kuni zenye injini."

KUNI. Hewani. Mbele za watu.

Angesema imezeeka ningekubali, hata mimi nimezeeka. Lakini kuni? Na ile imening'inia pale, haiwezi hata kuondoka zake!

Halafu kaja kuitua kwenye stendi, uzito wote mbavuni, chini ya mkuku hakuna hata gogo moja. Chombo hukalia mkuku, stendi ni za kukizuia kisilale. Hilo nimesamehe. Kuni sisamehi mpaka kiama.

Ngalawa Bubu: Yule!! Mimi aliniambia injini yangu inafaa kuwa nanga. Nakazia.

Bi Demani: Pole mkuu. Ila "kuni zenye injini"... nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Mzee Kalafati: Swali dogo. Maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya boti, uliyatoa kabla ya kunyanyua? Lita moja kilo moja. Ukiacha lita 400 humo ndani, umebebesha mbao kilo 400 za bure. Lazima zilie.

Tezi na Omo: Mzee, hilo halihusiani na kuni.

Mzee Kalafati: Nimeshajibiwa.

Bi Demani: Hiyo boti usiiache juani, mkuu. Mbao zikikauka zinasinyaa, mishono inafunguka, siku ya kuishusha itakunywa maji mpaka zivimbe tena. Ifunike, irushie maji. Vinginevyo jamaa atakuwa kasema kweli, tena kuni kavu.

Tezi na Omo: Hata wewe Bi Demani??

Faiba Oyee: Ndiyo maana mimi nina boti ya faiba. Haisinyai, haivimbi, haitukanwi.

Mzee Kalafati: Faiba hutoka malengelenge ikikaa sana majini. Ya kwako mara ya mwisho kuichungulia chini ni lini?

Faiba Oyee: Hayo siyo malengelenge, ni rangi imepakwa vibaya.

Ngalawa Bubu: Afadhali umetaja rangi! Kuna muuza rangi mmoja, simtaji, kaniuzia rangi ya shaba ya kuzuia magugu, nipake chini ya boti ya ALUMINI. Sasa ukiingia chini yake mchana unaona nyota.

Bi Demani: Yule anayeapa kila sentensi? Kaniuzia vanishi ya milango ya ndani, jua limeibandua yote kabla sijaosha brashi!

Ngalawa Bubu: Huyo huyo! Mfungulie uzi wake.

Tezi na Omo: Jamani, tulikuwa kwenye kuni.

Faiba Oyee: Subiri mkuu, tuko kwenye rangi.

Mzee Kalafati: Shaba juu ya alumini, kwenye maji ya chumvi? Alumini ndiyo huliwa. Zinki ya kuliwa badala yake ulifunga angalau?

Ngalawa Bubu: Zinki gani tena?