Mwanangu wa miaka 17 amewekwa darasa la 9: nianzie wapi?

Mama Espoir:
Ndugu zangu, nawasalimu. Tumetoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na sasa tunaishi katika mji mdogo wa jimbo la Iowa, Marekani, wenye shule moja tu ya sekondari ya umma. Mwanangu alikwisha kumaliza mwaka wa nne wa sekondari kwa mtaala wa Kongo, lakini hapa amewekwa darasa la 9 pamoja na watoto wa miaka 14. Akirudi nyumbani anaweka begi chini, hasemi neno. Je, umri hautamtoa shuleni kabla hajamaliza?

Baba Neema:
Mama Espoir, pole. Hofu ya umri iondoe, kwa kuwa Iowa elimu ya umma ni bure kuanzia miaka 5 hadi 21. La kushughulikia ni krediti, yaani pointi anazopata mwanafunzi kwa kila somo alilofaulu. Shule za huku haziangalii miaka mtoto aliyokaa darasani bali masomo aliyofaulu, na jimbo linamtaka mhitimu awe amesoma Kiingereza miaka 4, kisha hisabati, sayansi na masomo ya jamii miaka 3 kila moja. Buletini za kambini, yaani ripoti za matokeo yake, ziko kwa Kifaransa. Kama hakuna aliyezisoma, basi kijana wako ameandikishwa kama mtu ambaye hajawahi kusoma. Zitafsiriwe, kisha uombe kuonana na mshauri wa wanafunzi. Binti yangu alikubaliwa hisabati na biolojia kwa njia hiyo.

Mkalimani Mstaafu:
Katika kikao hicho usikubali mwanao ndiye akutafsirie. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, shule inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, hata kama mkalimani atapatikana kwa simu tu. Taja kwamba ni Kiswahili cha Kongo. Niliwahi kumsikia mama wa Uvira akisema "masomo iko mbali", akimaanisha jengo la shule, naye mkalimani wa Mombasa akaeleza kwamba mtoto yuko nyuma kimasomo. Tulitumia nusu saa kulirekebisha hilo.

Baba Neema:
Kuhusu ukimya wake, muulize kama anapenda mpira. Shule ndogo za huku hukosa wachezaji kiasi kwamba nyingine hucheza futiboli ya Kimarekani kwa watu 8 badala ya 11, kwa hiyo kijana mgeni hapokelewi kwa shingo upande. Soka yenyewe huchezwa majira ya kuchipua. Asichelewe tu, maana akitimiza miaka 20 haruhusiwi tena kuichezea shule.

Mama Espoir:
Asanteni sana. Buletini zimo katika ule mfuko mweupe wa IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji) tuliosafiri nao, isipokuwa ya mwaka wa pili, ambayo ililoa mvua tungali kambini. Jumatatu ninazipeleka.