Shule imejengwa kwa ushuru wetu, halafu mtoto wa maskini anaambiwa "Kayumba zipo bure"

Wakuu, salaam. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za michango ya uji na mlinzi. Hili ni jingine kabisa, linahusu shule mpya ya kulipia na hizi shule za msingi za serikali za kawaida tunazoziita Kayumba.

Halmashauri yetu (Dar hii hii, wilaya siitaji, mwanangu bado anasoma huku na sitaki aje kuulizwa) imejenga shule mpya ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza, yaani masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Jengo zuri, vigae chini, vyoo vya maji, ukuta kuzunguka. Kiwanja cha umma. Hela zimetoka mapato ya ndani, yaani ushuru wa soko, leseni, maegesho, na mimi mwenye meza ya mitumba nimo humo. Mheshimiwa kakata utepe, sisi tukapiga vigelegele kama kawaida yetu. Siku chache baadaye ikatoka fomu ya kujiunga: ada laki nne na nusu kwa mwaka, chakula mbali, sare mbali, sweta mbali, na fomu yenyewe inauzwa.

Kwenye mkutano wa mtaa nikasimama nikamuuliza afisa elimu. Baba, si tuliambiwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 umefuta ada kuanzia awali mpaka kidato cha nne? Na mwaka 2022 mama Samia akaongeza cha tano na cha sita? Sasa shule ya serikali, darasa la kwanza, ada imetokea wapi? Akanijibu mbele za watu, kwa upole kabisa: "Mama, hii ni hiari. Ni chaguo la mzazi. Kwa asiyeweza, Kayumba zipo bure."

Chaguo la mzazi! Mzazi yupi?

Nieleweke. Sina ugomvi na shule nzuri, wala na shule binafsi. Mwenye shule binafsi kajenga kwa hela yake au mkopo wake, analipa walimu wake, akitoza milioni tatu huyo ni mfanyabiashara na anayempelekea mtoto kaona sawa. Ugomvi wangu ni hesabu ya hii shule ya halmashauri. Majengo, sisi. Kiwanja, sisi. Walimu wa pale wengi ni waajiriwa wa serikali, mshahara unatoka Hazina, na wamechukuliwa kwenye hizi hizi Kayumba zetu, tena wale wanaokijua Kiingereza vizuri. Shule anayosoma mwanangu mwalimu wa Kiingereza kahamishiwa huko. Nafasi yake mpaka leo ameshikishwa mwalimu wa hisabati ambaye na yeye ana vipindi vyake vinamsubiri.

Kwa hiyo yule mzazi mwenye laki nne na nusu hajalipia elimu ya mwanawe. Kalipia kipande tu, sehemu kubwa tumemlipia sisi. Sasa linganisha na wa Kayumba. Ruzuku ya uendeshaji kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Elfu kumi, kwa mwaka, na katika hiyo 6,000 ndiyo inayoingia kwenye akaunti ya shule, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Kiwango hicho kilipangwa enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, elfu kumi ilipokuwa inakaribia dola 10. Leo haifiki hata dola 5, na watoto wameongezeka hadi wengine wanasoma kwa zamu, asubuhi na mchana.

Nani hapo anayesaidiwa na serikali kuchagua shule? Ni mwenye nacho. Huyo ndiye aliyepewa vocha, yaani hela ya serikali ya kumlipia mtoto shule anayoichagua mzazi, ila haijaandikwa jina hilo. Maskini kaachiwa kilichobaki, na kinaitwa bure.

Halafu kuna usahili. Hili ndilo lililonifanya niandike. Tuseme umekopa Vikoba ukapata ada. Mtoto wa miaka sita anaitwa ndani peke yake, anaulizwa kwa Kiingereza ataje rangi, ahesabu, aseme jina la baba yake na anakoishi. Kiingereza hicho kakitoa wapi? Awali ya Kayumba inafundishwa kwa Kiswahili, kama sera inavyotaka. Wanaojibu ni waliopitia chekechea za kulipia, laki na nusu kwa muhula, basi la njano linamfuata mlangoni alfajiri. Shule ya umma, inayosema inafundisha Kiingereza, inamkataa mtoto kwa sababu hajui Kiingereza. Jirani yangu, fundi cherehani, mwanawe alitoka pale analia akidhani kafanya kosa. Wangesema tu wazi kwamba pale hatakiwi, ingekuwa heshima zaidi.

Na msiniambie Kiingereza si muhimu, tujivunie Kiswahili. Najivunia sana, na uzi wote huu ni Kiswahili. Lakini kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza ghafla, baiolojia, jiografia, hesabu. Mliotoka Kayumba mnakumbuka mwaka ule. Sera ya elimu ilizinduliwa upya mwanzoni mwa 2025 kule Dodoma na sekondari bado ni Kiingereza. Kama serikali inataka sekondari ibaki hivyo, basi njia ya kujiandaa isiwe inauzwa na serikali yenyewe.

Mdau mmoja kwenye uzi mwingine kasema suluhisho ni vocha kama Marekani, pesa imfuate mtoto, mzazi achague. Watu wakamrukia kwamba huo ni ubepari. Mimi simrukii, ila nataka tuzungumze vizuri, kwa sababu vocha si kitu kigeni hapa kwetu. Mama zangu wa humu mnaikumbuka Hati Punguzo? Kuanzia 2004, mjamzito akienda kliniki anapewa hati, anaipeleka dukani anachukua chandarua kwa bei pungufu. Wazo zuri. Lakini ilikuwa lazima uongeze hela yako, na waliokosa hiyo nyongeza ni wale wale waliokuwa na shida zaidi, hati ikabaki kwenye kadi ya kliniki. Baadaye wakashusha nyongeza ikawa shilingi 500 tu, watu wakachukua. Kisha zikaja vocha za pembejeo kuanzia 2008, mbolea na mbegu. Huko kijijini kwetu wapo wazee waliotia dole gumba kwenye vocha, wakala akaondoka nayo na mbolea hawakuiona. Kwa hiyo makosa tunayajua. Hati yenye nyongeza kubwa inamwacha maskini mlangoni, na hati isiyosimamiwa inaliwa na wakala.

Hata huko Marekani mambo hayako kama alivyoyaleta yule mdau. Mji wa Milwaukee walianza vocha za shule mwaka 1990, na mama aliyepigania ile sheria, Polly Williams, mbunge mweusi wa jimbo la Wisconsin, alitaka iwe ya watoto wa familia za kipato cha chini tu. Ilikuwa na kikomo cha kipato. Miaka ilivyokwenda wakaanza kukipandisha, na yeye mwenyewe akapinga kwamba haikuwa nia yake kuwalipia wenye uwezo. Jimbo la Arizona nalo mwaka 2022 likafungulia msaada wa namna hiyo kila mtoto, hata aliyekuwa tayari kwenye shule ya binafsi na baba yake analipa bila shida. Chile nao wana vocha tangu 1981, enzi za dikteta Pinochet. Miaka ya 1990 shule zikaruhusiwa kupokea ruzuku na bado kumtoza mzazi nyongeza. Watoto wakagawanyika kwa mifuko ya wazazi wao, wanafunzi wakaingia barabarani mwaka 2006, na 2015 ikabidi itungwe sheria ya kuanza kuondoa ile nyongeza na ule mchujo wa kuingia shule. Ada na usahili. Vitu vile vile viwili ambavyo halmashauri yetu imevianzisha sasa na inapigiwa makofi.

Mimi ningetazama India. Sheria yao ya haki ya elimu ya mwaka 2009 inazitaka hata shule za binafsi zitenge asilimia 25 ya nafasi za darasa la kuanzia kwa watoto wa kaya zisizo na uwezo, na serikali inairudishia shule gharama. Na mtoto hapimwi kwa usahili. Wana matatizo yao, shule zinalia kwamba marejesho yanachelewa, na zipo zinazokwepa. Lakini kule ni binafsi. Hapa tunazungumzia shule ambayo ni yetu. Halmashauri haina hata haja ya kumlipa mtu, inatakiwa tu isimtoze.

Tena msije na hoja kwamba maskini watajulikanaje. Daftari lipo. Mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya maskini una majina ya kaya mtaa kwa mtaa, na mkutano wa wananchi ndio uliowapitisha. Kaya yenye mtoto inapewa ruzuku kwa sharti la mahudhurio, asipofika asilimia 80 wanakata. Serikali inajua kumfuatilia mtoto wa maskini siku alizokosa shule mpaka ikamkata mama yake hela, lakini nafasi kwenye shule yake nzuri haijui impeje?

Halmashauri hizo hizo zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ipo kisheria. Hakuna anayesema haiwezekani. Basi robo ya nafasi za darasa la kwanza kwenye kila shule ya mchepuo ya halmashauri ziende kwa watoto wa kaya za TASAF na wengine ambao mtaa utawathibitisha, bila ada, bila usahili, na chakula ndani yake, maana mtoto akikaa na njaa wenzake wakila hiyo nafasi umempa ya nini. Wakizidi nafasi, ipigwe bahati nasibu mchana kweupe mbele ya wazazi, si orodha inayotoka ofisini usiku ikiwa na majina ya shemeji zao. Na mwalimu akihamishwa kwenda huko, Kayumba iliyompoteza ipate mbadala kabla hajaondoka.

Najua watakaokuja kunijibu. Yupo atakayesema laki nne na nusu ni kidogo, shule za binafsi ni milioni. Kidogo kwako. Kwenye meza yangu hiyo ni kodi ya chumba ya miezi mingi. Yupo atakayesema bila ada shule itachakaa kama Kayumba. Kumbe tunakubaliana kwamba Kayumba zimeachwa zichakae! Sasa uliza nani kaziacha. Na yupo wa "Mama kama huna uwezo zaa wachache". Huyo sitamjibu.

Shule za serikali za mchepuo zenye ada si jambo jipya, Olympio na Diamond hapa mjini na Arusha School kule juu zipo miaka mingi. Zamani zilikuwa chache, mtu hakuona shida. Kinachoniogopesha ni kwamba sasa kila halmashauri inataka ya kwake, na kila ikifunguliwa moja, wazazi wenye sauti mtaani, mwalimu, nesi, mwenye duka, wanawahamisha watoto wao. Kamati ya shule ya Kayumba inabaki na sisi tusiosikilizwa. Mlango ukivunjika hakuna wa kupiga simu kwa diwani.

Sasa naomba kitu. Mwenye fomu ya kujiunga ya shule ya mchepuo ya halmashauri yake aipige picha aiweke hapa, afunike jina la mtoto. Tuone ada ni kiasi gani, ilipitishwa kwenye kikao gani cha madiwani, na kama kuna mstari hata mmoja unaomtaja mtoto asiye na uwezo. Ya kwetu nimeisoma mbele na nyuma, haupo. Na diwani wetu, najua unapita humu kimyakimya, mkutano wa mtaa ujao swali ni hilo hilo, ila safari hii nakuja na wenzangu wa sokoni.