Nimechoka na hukumu zenu juu ya albamu ya pili ya Yazoo

Jamani, nina hasira na leo nitasema yote.

Ijumaa iliyopita tulikutana watu saba kwa rafiki yetu huko Tudor, kahawa tungu na kaimati ziko mbele yetu, tusikilize You and Me Both, hiyo albamu ya pili ya Yazoo, kundi la Kiingereza la watu wawili, mwanzo hadi mwisho. Ndivyo tulivyokubaliana. Wimbo wa tatu haujaisha, mwenye nyumba akashika simu, akaruka, akaruka tena, mara tunasikia Only You. "Yazoo ndiyo hii bwana, ile nyengine waliichoka wenyewe." Na wenzangu wakaitikia kama wanaitikia dua!

Only You ni ya 1982, imo kwenye albamu ya kwanza. Mtu akikualika pilau kisha akakupa biriani ya jana, utaisemaje pilau kuwa mbaya? Hamkuionja.

Sasa hilo neno la "waliichoka", ambalo kila mtu analirudia. Ni kweli hao wawili wa Yazoo, Vince Clarke wa sintesaiza (vinanda vya umeme) na mwimbaji Alison Moyet, walikuwa hawaelewani tena. Clarke alitoka kundi la Depeche Mode 1981 baada ya albamu moja tu, akampata Moyet kwa tangazo la gazetini, wote ni watu wa Basildon, mji wa Uingereza, na kabla ya miaka miwili kupita mambo yakaharibika. Hii ya pili waliirekodi mara nyingi kila mmoja kwa wakati wake, na ilipotoka Julai 1983 walikuwa wameshaachana. Lakini kwani hamsikii? Huo utengano ndio uliomo ndani ya muziki! Sintesaiza za Clarke zinakwenda kwa hesabu yake, baridi, safi, hazimngoji mtu, na juu yake sauti ya yule mwanamke inajikokota, nzito, imejaa blues, kama mtu anayezungumza na mlango uliofungwa. Sikilizeni Nobody's Diary, aliyoiandika Moyet mwenyewe. Pale anapopandisha sauti, kinanda hakipandi naye. Mimi nywele husimama kila mara, na nimeshausikiliza wimbo huo tangu nikiwa shule.

Na wale mnaosema imeanguka: kwenye chati za Uingereza ilishika namba 1. Ya kwanza iliishia namba 2. Mnaanguka kwenda juu?

Kilichoniuma zaidi, wallahi, ni yule aliyesema muziki wa mashine hauna roho. Amesema hayo akiwa Mombasa! Mji ambao Zuhura Swaleh ameimba na taishokoto ikilia nyuma yake, kinubi cha Kijapani cha vibonye kama mashine ya kupigia chapa, na hakuna bibi hata mmoja Mji wa Kale aliyesema hakina roho. Mama zetu wametunzwa na kutunza kwenye harusi kwa vinanda vya umeme, wamelia kwa vinanda vya umeme. Roho ni ya mwimbaji na ya anayejua lini aache kubonyeza. Clarke alilijua hilo. Wimbo wa Mr. Blue una nafasi tupu kiasi kwamba unasikia pumzi.

Happy People siitetei. Moyet alikataa kuiimba, ikabidi Clarke aimbe mwenyewe, na mimi nasema alikuwa na haki kukataa. Lakini wimbo mmoja dhaifu mnaufanya ndio albamu nzima, ilhali mwenye nyumba hata huo hakuufikia.

Baada ya kuachana kila mmoja alikwenda njia yake, Moyet akatoa albamu yake Alf 1984 na Clarke mwaka uliofuata akaanza kundi la Erasure na Andy Bell, na nyote mnazisifu kazi hizo. Sauti mnayoisifu kwenye Alf ndiyo hiyohiyo mliyoiruka Ijumaa.

Mwenye nyumba, wewe ni ndugu yangu na kaimati za mkeo nimezila kwa heshima, ila ulinikosea. Ijumaa hii njooni kwangu Majengo baada ya isha. Spika ninayo. Simu itakaa juu ya kabati, na hakuna atakayeigusa mpaka nyimbo zote 11 ziishe. Kisha anayeiona albamu mbovu anitajie wimbo, kwa jina, na sehemu iliyomkera.