Tupeane uzoefu: kuishi na sonona ya miaka mingi na mabaki ya kiwewe

Kibatari
Wakuu, hapa tuandike yanayofanyika: dawa, usingizi, ndoto mbaya, kliniki. Dozi zikitajwa ni za kuelewa tu. Wa kuibadilisha ni aliyekuandikia.

Nesi wa Zamu
Naanza na dawa, maana ndipo wengi wanapokwama. Zinazopatikana sana ni mbili. Amitriptilini hunywewa usiku kwa kuwa inalaza. Huanzia miligramu 25 hadi 50, ikapandishwa taratibu. Kinywa hukauka, choo huwa kigumu: maji, papai, mboga za majani. Mkojo ukigoma au moyo ukienda mbio, rudi hospitali. Fluksetini huwa miligramu 20 asubuhi. Kichefuchefu na kukosa usingizi husumbua siku za mwanzo.

Tatizo liko kwenye kalenda. Maudhi huanza mapema, nafuu huchukua wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo mtu anaacha wiki ya pili, anasema dawa za bure hizo. Mwingine anaacha akichangamka, wakati zinatakiwa kuendelea miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Ugonjwa ukiwa wa kujirudia, zaidi ya hapo. Kuacha nako ni kwa kupunguza, si chini ya wiki 4. Ukikata ghafla utapata kizunguzungu na hasira, udhani umerudiwa.

Bint Mwera
Da Nesi, na Ramadhani?

Nesi wa Zamu
Zote ni mara moja kwa siku, mdogo wangu. Fluksetini daku, amitriptilini usiku karibu na kulala. Ongea na daktari kabla mwezi haujaandama. Muuza dawa naye ajue unachotumia, hasa akitaka kukupa tramadoli, dawa ya maumivu isiyopatana na hizi. Na kama mawazo ya kujiua yapo, dawa zikae kwa ndugu, atoe kidogo kidogo. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake.

Mzee wa Kahawa
Ndoto za tukio lilelile: mchana, si kitandani, iandike kwa ufupi. Badilisha sehemu yoyote, hata mlango uwe wazi. Kisha pitia hiyo mpya akilini dakika 10 hadi 20 kila siku. Anza na ndoto nyepesi. Ukianza na ile kali kuliko zote utaacha.

Kumbukumbu ikikuvamia barabarani, usifumbe macho, yanakurudisha kulekule. Kanyaga chini, taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, sema tarehe ya leo na mahali ulipo. Diazepamu, ile ya kutuliza, kwa kiwewe si dawa ya kuizoea. Wala pombe.

Sokomoko
Hamu ya kufanya kitu haitangulii, inafuata. Kwa hiyo usiandike "kufua". Andika "kuloweka mashati mawili, saa nne". Ikishindikana, punguza liwe moja, usiifute.

Kibatari
Kuhusu kliniki: wengi wetu tunasema "kichwa, mgongo, moyo unadunda", tunatoka na panadoli. Nenda na karatasi: katika siku 14 zilizopita, ngapi hukulala, ngapi hukula, ngapi hukuwa na hamu ya chochote, na ilianza lini. Omba pia upimwe wingi wa damu na tezi ya shingo, maana zikiwa na hitilafu huleta uchovu unaofanana kabisa na huu.

Bint Mwera
Na kama daktari kila mara ni mwingine, acha nafasi chini ya karatasi aandike dawa na dozi. Faili hupotea.